Yai, gelatini na safari ya Mombasa: uchambuzi wa kisa cha mtoto mwenye mzio na chanjo ya homa ya mafua

Kisa hiki kinatoka katika kliniki ya mzio ya watoto, kwenye hospitali moja ya Uingereza, msimu wa baridi wa 2022 kuingia 2023. Mimi nilikuwa muuguzi wa kliniki hiyo. Familia imeridhia kisimuliwe, na mambo yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa au kubadilishwa bila kugusa yale ya tiba.

Nimekichagua kwa sababu moja. Mtoto huyu aliwekewa tahadhari kubwa mahali ambapo haikuhitajika, na mahali ilipohitajika kweli hakuna aliyemuuliza mama yake hata swali moja.

Usuli

Mtoto ni wa kiume, miaka miwili na nusu, kitinda mimba wa nyumba ya watoto watatu. Wazazi ni wenyeji wa Mombasa, na mama ana ndugu wengi upande wa Tanga. Nyumbani ni Kiswahili. Baba anazungumza Kiingereza bila taabu kwa sababu ya kazi. Mama anakielewa, ila hakimtoshi anapokaa mbele ya daktari.

Mtoto alianza kuwa na pumu ya ngozi akiwa mchanga, na kifua humbana kidogo akishikwa na mafua. Alipokuwa na miezi tisa alilishwa mayai ya kuvuruga kwa mara ya kwanza. Dakika chache baadaye uso ulijaa mabaka mekundu yaliyoinuka, midomo ikavimba, akatapika, kisha akaanza kukohoa na kupumua kwa mluzi. Gari la wagonjwa lilifika haraka, akachomwa adrenalini, akalazwa usiku mmoja wodi ya watoto, akaruhusiwa asubuhi. Hiyo ilikuwa anafilaksisi, yaani mmenyuko mkali wa mzio unaoshika mwili mzima na unaoweza kuua, hilo halina ubishi, na vipimo vya damu baadaye vilithibitisha mzio wa ute wa yai. Lakini hakufikishwa chumba cha wagonjwa mahututi. Tafadhali msomaji likumbuke hilo, litarudi.

Baada ya tukio lile, kwenye kumbukumbu zake katika kituo cha daktari wa familia liliandikwa onyo linalojitokeza kila faili linapofunguliwa: mzio mkali wa yai, asipewe chanjo zenye yai. Aliyeandika alikuwa na nia njema. Madhara ya kwanza yalionekana mtoto alipotimiza mwaka. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela iliahirishwa "mpaka wataalamu wa mzio waseme", barua ya rufaa ikachelewa, na mtoto akaja kuipata akiwa na miezi kumi na tisa. Miezi saba bila kinga ya surua, kwa sababu ya yai ambalo ni kama halimo. Sehemu za surua na matumbwitumbwi za chanjo ile hukuzwa kwenye seli zinazotokana na kiinitete cha kuku (kifaranga kinachoanza kuumbika ndani ya yai), na protini ya yai inayobaki ni kidogo kiasi kwamba miongozo ya Uingereza huruhusu itolewe kituoni hata kwa mtoto aliyewahi kupata anafilaksisi ya yai.

Yai linaingiaje kwenye chanjo ya homa ya mafua

Tangu miaka ya 1940 njia kuu ya kutengeneza chanjo hii ni kukuza virusi ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete. Virusi hudungwa ndani ya yai, huachwa vizaliane kwenye joto, kisha majimaji huvunwa na kusafishwa. Kinachoweza kubaki ni chembe za ovalbumini, protini kuu ya ute. Katika chanjo ya kupuliza puani inayotumika Uingereza kwa watoto, kiwango chake ni chini ya mikrogramu 0.12 kwa mililita, na dozi nzima ni mililita 0.2, nusu kila tundu la pua. Anayemenyuka kwa kula yai huwa amemeza kiasi kikubwa mno kuliko hicho.

Kwa miaka mingi wahudumu walikatazwa kumpa chanjo hii mwenye mzio wa yai. Katazo hilo lilitokana na hofu iliyoeleweka, na limeondolewa kwa ushahidi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015 uliwapa chanjo ya puani watoto na vijana 779 wenye mzio wa yai, wa miaka 2 hadi 18, na takriban theluthi yao walishawahi kupata anafilaksisi ya yai. Hakuna hata mmoja aliyepata mmenyuko mkali wa mwili mzima. Mwaka huohuo kamati ya chanjo ya nchi hiyo ikashauri watoto wenye mzio wa yai wachanjwe popote, kituoni au shuleni, isipokuwa wale ambao anafilaksisi ya yai iliwahi kuwafikisha chumba cha mahututi. Marekani nayo ililegeza hatua kwa hatua kuanzia 2011, na mwaka 2023 kamati yake ya chanjo ikasema hakuna tahadhari ya ziada inayohitajika kwa sababu ya yai pekee, hata kama mzio ulikuwa mkali.

Kwa hiyo mtoto wetu, Oktoba 2022, alistahili chanjo ya kawaida katika kituo cha kawaida. Miaka saba ilikuwa imepita tangu ushauri ule utolewe.

Mambo yalivyokwenda

Mwanzoni mwa Oktoba mama alipata ujumbe wa kumleta mtoto, kama watoto wote wa miaka miwili na mitatu. Alikwenda peke yake na mtoto. Muuguzi wa kituo alifungua faili, onyo likajitokeza, akamuuliza mama kwa Kiingereza kama mtoto bado ana mzio wa yai. Mama akajibu ndiyo. Muuguzi akaomba radhi, akasema chanjo hii haimfai, akawaruhusu. Hakuna mkalimani aliyeitwa, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa mafupi na mama alionekana kuelewa. Kwenye faili liliandikwa kwamba chanjo haikutolewa kwa sababu ya mzio.

Wiki tatu baadaye walikuja kliniki yetu kwa miadi ya kawaida ya kila mwaka. Nilipomsalimu mama kwa Kiswahili alilegea pale pale kwenye kiti. Nilimwomba anisimulie tangu mwanzo, bila haraka, kila kitu chenye yai ambacho mtoto ameshawahi kukigusa. Yakatoka mawili ambayo faili halikuwa nayo.

La kwanza ni kwamba sikukuu ya Idi mtoto alikula vipande vya mkate wa mayai kwa jirani, akarudia kesho yake, na hakupata hata upele. Biskuti na keki za dukani alikuwa anakula miezi kadhaa. Mama hakuwa amevihesabu kama yai kwa kuwa yai halionekani. Watoto wengi wenye mzio wa yai huvumilia yai lililookwa ndani ya unga kabla ya kuvumilia yai lenyewe, kwa hiyo taarifa hii ilikuwa na uzito.

La pili lilikuja nilipomuuliza alijisikiaje chanjo ilipokataliwa. Alinyamaza kidogo, akasema: "Dada, mimi nilishukuru Mungu lilipotajwa yai. Sikujua nianzie wapi kusema la nguruwe."

Chanjo ya puani ina gelatini ya nguruwe, protini inayotolewa kwenye ngozi na mifupa yake, inayotumika kuvilinda virusi hai vilivyodhoofishwa visiharibike. Mama alilisikia hilo kwa akina mama wenzake msikitini. Alikuwa ameamua kukataa, lakini aliona haya kumwambia muuguzi wa watu, akihofia kuonekana mama asiyejali afya ya mwanawe. Yai likampa njia ya kutokea bila kusema kitu. Muuguzi wa kituo akaondoka akiamini amemlinda mtoto, mama akaondoka akiamini amelinda dini yake, na mtoto akaondoka bila kinga.

Mazungumzo yalipokaribia kwisha, mama akataja kama jambo la kupita kwamba Desemba wanakwenda nyumbani: Mombasa kwanza, kisha wavuke mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania, kwenda Tanga kumwona bibi. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.

Maamuzi na sababu zake

Chanjo ipi. Kwa upande wa yai, ya puani ilikuwa salama na ningeitetea mbele ya mtu yeyote. Kwa upande wa dini, familia ilikuwa na haki ya kuomba mbadala, na Uingereza kwa msimu huo ilikuwa na chanjo ya sindano inayokuzwa kwenye seli badala ya mayai, iliyoruhusiwa kuanzia miaka miwili, isiyo na gelatini. Mbadala huo ulijibu yote mawili. Ulikuwa pia mtego, nitaueleza kwenye uchambuzi.

Kumwambia mama kila kitu. Seli zinazokuza chanjo hiyo zinatokana na figo ya mbwa mmoja, ukoo wa seli ulioanzishwa 1958 na kuendelezwa maabara tangu hapo. Familia hii ni ya madhehebu ya Shafii kama Waislamu wengi wa pwani yetu, na kwao najisi ya mbwa ni nzito sawa na ya nguruwe. Mwenzangu mmoja alishauri tusilitaje, kwa kuwa seli huondolewa wakati wa kusafisha na kulitaja kutaleta tatizo jipya. Sikukubaliana naye. Mama huyu alishajifunza ya nguruwe kwa wenzake msikitini badala ya kwetu. Kama angejifunza ya mbwa kwa njia hiyohiyo baada ya mtoto kuchomwa, asingetuamini tena kwa chanjo yoyote, wala kwa watoto wake wakubwa.

Nilimweleza mama siku ileile, na baba kwa simu jioni. Niliwaambia pia jambo ambalo wazazi wengi wa Kiislamu hawalijui: mwaka 1995 wanazuoni na wataalamu wa tiba walikutana Kuwait chini ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, na msimamo wao ulikuwa kwamba kitu najisi kikibadilika kabisa asili yake, kama gelatini inayotokana na mifupa na ngozi, hukumu yake hubadilika. Si kila mwanazuoni anaufuata msimamo huo, nami niliwaambia hivyo. Sikuwashawishi kuelekea upande wowote, maana hiyo haikuwa kazi yangu. Baba aliomba muda amuulize ustadhi wao. Siku chache baadaye akarudi na jibu: gelatini bado inawatia shaka na wanayo njia ya kuiepuka, ya seli wameridhika nayo kwa kuwa seli zenyewe haziingii kwa mtoto.

Wapi. Kituo kiliomba mtoto achanjwe hospitali "kwa usalama". Tulikataa, kwa barua yenye sababu. Hakuwahi kufika chumba cha mahututi, na hata angekuwa amefika, chanjo isiyo na yai hutolewa popote. Kumpeleka hospitali kungemwambia mama, bila maneno, kwamba jambo hili ni la hatari. Kituo chochote kinachochanja kinatakiwa kuwa na adrenalini karibu, kwa mtoto wa umri huu mikrogramu 150 kwenye msuli wa paja, na sababu yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kumenyuka kwa chanjo yoyote, ingawa ni nadra sana: kwa takwimu za Marekani, takriban mtu mmoja kwa kila dozi milioni.

Safari. Chanjo ya homa ya manjano hukuzwa kwenye viinitete vya kuku, na ndiyo yenye protini ya yai ya kutosha kuhofiwa. Aliyethibitishwa kuwa na anafilaksisi ya yai hapewi, isipokuwa chini ya wataalamu wa mzio na pale hatari ya ugonjwa inapolazimisha. Kwa mji wa Mombasa na kaunti za pwani, Shirika la Afya Duniani kwa kawaida halipendekezi chanjo hiyo kwa wasafiri, kwa kuwa hatari ni ndogo. Lakini Tanzania humdai cheti cha chanjo hiyo kila msafiri wa kuanzia mwaka mmoja anayetoka nchi yenye homa hiyo, na Kenya imo kwenye orodha. Mpaka wa Horohoro ndio uliokuwa tatizo.

Njia zilikuwa tatu: kumchanja hospitali kwa dozi zilizogawanywa, kumwandikia barua ya msamaha wa kitabibu, au kubadili safari. Ya kwanza ilikuwa na hatari ambayo safari ya kusalimia haikuihalalisha. Ya pili ni halali kimataifa, ila afisa wa afya mpakani anaweza kuihoji, na mtoto angebaki bila kinga kama wangeamua kupita bara zaidi. Wazazi wakachagua kubaki Mombasa. Barua ya msamaha tuliwaandikia hata hivyo, ikae pamoja na pasipoti.

Matokeo

Mtoto alichomwa katikati ya Novemba, kituoni kwao, na muuguzi yuleyule. Mama aliomba kukaa robo saa kabla ya kuondoka na akapewa kiti, ingawa miongozo haikudai. Mkono uliuma siku moja, homa haikuja. Kwa kuwa hakuwa na ugonjwa mwingine wa kumweka kwenye kundi la hatari, dozi moja ilimtosha kwa utaratibu wa Uingereza. Angekuwa Marekani, mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupewa mbili, zikiachana kwa wiki nne au zaidi.

Desemba ile homa ya mafua ilipanda vibaya Uingereza, wodi za watoto zikajaa kuelekea Krismasi. Kaka yake mkubwa aliugua akakosa shule wiki nzima. Mdogo alitiririkwa na kamasi siku mbili, akaendelea kucheza. Hakupimwa, kwa hiyo sitadai kwamba chanjo ndiyo iliyomwokoa.

Mombasa walikwenda. Bibi wa Tanga, mwenye cheti chake cha homa ya manjano, ndiye aliyevuka mpaka kuja kumwona mjukuu.

Uchambuzi

Kosa la onyo kwenye faili halikuwa ukali wake. Lilikuwa upana wake. "Chanjo zenye yai" ni kapu lililochanganya chanjo ambayo yai halimo kwa maana yoyote ya kitabibu, chanjo ambayo limo kwa kiasi kisichodhuru, na chanjo moja ambayo linaweza kuua. Mhudumu mwenye dakika kumi hawezi kuzitenganisha akiwa mbele ya mzazi. Kwa hiyo akazuia zile mbili zilizomfaa mtoto, wakati ile ya tatu, iliyokuwa ikikaribia kwa tiketi ya ndege iliyokwisha kulipwa, haikuulizwa kabisa. Swali la "mnasafiri?" lingepaswa kuandikwa ndani ya onyo lenyewe kwa familia yoyote yenye ndugu Afrika Mashariki.

Kilichosaidia zaidi ni kusikiliza historia ya chakula kwa majina ya vyakula. Ukimuuliza mama wa pwani "anakula yai?" atakujibu la yai la kukaanga. Ukimtajia mkate wa mayai, keki, biskuti, katlesi zilizochovywa kwenye yai, unapata picha ya kweli. Taarifa ile ya Idi ilituwezesha kupanga naye polepole: vya kuokwa aendelee navyo kwa kiasi alichozoea, yai lisiloiva vizuri bado, na majaribio ya hatua inayofuata yafanyike kwetu. Nitilie mkazo hapa kwamba kilichotokea kwa jirani kilikuwa bahati, na hakuna mzazi wa mtoto aliyewahi kupata anafilaksisi anayepaswa kukijaribu nyumbani.

Ukalimani ni jambo ambalo nakasirika nalo kila msimu. Mama anayejibu "yes" kwa heshima huhesabiwa ameelewa. Huduma ya mkalimani kwa simu ilikuwepo siku ile. Mkalimani pekee asingetosha, kwa kuwa mama alikuwa na haya, lakini angefungua mlango. Ningependa kila muuguzi wa chanjo awe na sentensi moja ya kumtangulia mzazi: "Chanjo hii ina gelatini ya nguruwe, na tunayo nyingine isiyo nayo." Mzazi asiyejali ataipuuza, na anayejali atapumua.

Sasa ule mtego. Kwa kuchagua chanjo isiyo na yai tulipata njia iliyowaridhisha wote, na palepale tukathibitisha bila kukusudia kwamba yai lilikuwa hatari. Miezi miwili baadaye mama alimwambia rafiki yake, ambaye mwanawe ana mzio hafifu wa yai, asubiri "ile ya seli". Rafiki huyo hana shida na gelatini, na kituo chake kilikuwa na ya puani siku hiyo. Mtoto wake alikaa majuma kadhaa bila chanjo katikati ya wimbi. Tulikuwa tumemweleza mama sababu, lakini tulimweleza mara moja tu, katikati ya mambo mengine mengi, na karatasi aliyoondoka nayo ilisema kwa herufi kubwa kwamba chanjo haina yai. Karatasi ndiyo iliyosafiri. Tangu hapo tunaandika sababu ya uchaguzi mbele ya jina la chanjo: "Imechaguliwa kwa sababu ya gelatini. Chanjo ya kawaida ni salama kwa mzio wa yai."

Kwa wasomaji walio Kenya na Tanzania mambo yamekaa tofauti kidogo. Chanjo ya homa ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto, na wanaoipata wengi huilipia hospitali binafsi, ikiwa ni ya sindano na imekuzwa kwenye mayai. Mzazi akiambiwa hapo kwamba mtoto wake hawezi kuchomwa kwa sababu ya yai, ana haki ya kuomba sababu hiyo iangaliwe upya. Kwa homa ya manjano hali ni kinyume. Uganda imeiweka kwenye ratiba ya watoto wa miezi 9 tangu 2022, na Kenya huitoa umri huohuo katika kaunti chache kama Baringo na Elgeyo Marakwet. Kuna watoto wanaofika kwenye sindano hiyo kabla hawajaonja yai hata mara moja, na wengine wamelionja likawaletea mabaka na kutapika bila mtu kuliandika popote. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo aseme kabla sindano haijafunguliwa, hata kama hajaulizwa.

Onyo kwenye faili la mtoto wetu liliandikwa upya Januari 2023. Sasa linasema: anafilaksisi ya yai akiwa na miezi tisa, hakulazwa chumba cha mahututi, chanjo za homa ya mafua na surua atapewa kama watoto wote, homa ya manjano asipewe bila ushauri wa kliniki ya mzio, familia haitumii gelatini ya nguruwe, mama aitiwe mkalimani wa Kiswahili. Ameshaanza shule, ambako wauguzi wanaozunguka hupuliza ya puani kwa watoto wote ambao wazazi wao wametia sahihi. Fomu ya idhini ina swali la mzio wa yai. La gelatini mzazi analazimika kulisoma kwenye kijikaratasi kilichoambatanishwa, kwa Kiingereza, na tumewaandikia wahusika wa wilaya kuomba lihamie kwenye fomu yenyewe. Jibu halijaja.